Mota kubwa si dawa ya mashine inayosaga polepole

Ndugu mkulima, na wewe ndugu mfanyabiashara mwenye mashine ya kusaga, leo tuzungumze kuhusu mota. Mahindi yameanza kuingia majumbani, foleni kwenye mashine zinarefuka, na kama ilivyo kila msimu nimeanza kuulizwa swali lile lile: "Bwana shamba, mashine yangu inasaga polepole. Nina mota ya kilowati 7.5. Nikiweka ya 11 au ya 15 si nitamaliza foleni mapema?"

Jibu langu, hata kabla sijaiona mashine yenyewe, ni kwamba usinunue bado. Sisemi mota kubwa ni mbaya. Nasema kwamba katika mashine nyingi za vijijini mota ndiyo kitu cha mwisho kuwa dhaifu, lakini ndiyo ya kwanza kulaumiwa, kwa sababu ndiyo inayonguruma, ndiyo inayopata moto, na ndiyo iliyoandikwa namba. Nyundo zilizolika hazina namba. Waya mwembamba uliofukiwa ardhini hauonekani kabisa. Basi mwenye mashine anakwenda kwenye kile anachokiona.

Na hii si hasara ndogo. Fedha ya mota hutoka VICOBA au SACCOS, au hutoka kwenye ng'ombe aliyeuzwa wakati bei yake haikuwa nzuri. Ukiiweka mahali pasipo na ugonjwa, mashine itaendelea kusaga polepole na deni litaendelea kukua. Nawafahamu wenye mashine waliofunga mota mpya mwezi wa sita na kufikia mwezi wa tisa wanauza mashine nzima ili walipe mkopo.

Anza na mahindi yenyewe

Utashangaa naanza huku, lakini mimi ni mtu wa ugani na mahindi ndiyo kazi yangu. Mahindi mabichi hayasagiki vizuri hata ukifunga mota ya meli. Unyevu hufanya unga uwe mzito, unashika kwenye matundu ya chekeche, matundu yanaziba, mzigo unabaki ndani ya kinu unazunguka bure na mota inapata moto. Wiki chache baada ya mavuno, wateja wanapoleta mahindi yaliyotoka shambani juzi, ndipo malalamiko ya "mota dhaifu" yanapokuwa mengi. Ikifika mwezi wa nane, mahindi yakishakauka, malalamiko yanapungua yenyewe bila mtu kugusa mota.

Mahindi ya kuhifadhi na ya kusaga yawe na unyevu wa asilimia 13 hivi. Kama huna kipima unyevu, tumia chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi cha robo yake, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa dakika kadhaa, kisha acha itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi, zaidi ya asilimia 15. Isiposhika, ni makavu. Jaribio hili halina gharama, na linakupa sababu ya kumwambia mteja kwa heshima, "Mama, haya yaanike siku mbili tatu, utapata unga mzuri zaidi." Mteja atanuna kidogo, lakini unga wake hautavunda.

Halafu fungua kinu. Nyundo nyingi za mashine zetu ni vipande vya chuma vyenye pembe nne, na kila pembe inaweza kufanya kazi kwa zamu. Pembe moja ikilika na kuwa ya duara, nyundo haipigi tena punje, inaisukuma tu. Igeuze. Watu wengi hawajui kwamba inageuzwa. Wanasaga na pembe moja mpaka inaisha, kisha wananunua seti mpya huku pembe tatu zikiwa nzima. Unapobadilisha, pima uzito kwenye mzani wa dukani: nyundo za upande mmoja wa shafti zilingane na za upande wa pili. Zisipolingana, kinu kinatetemeka na beringi zinakufa mapema.

Chekeche nalo litazame dhidi ya mwanga wa jua. Kwa unga laini wa kula, matundu huwa ya milimita moja au chini kidogo. Kwa chakula cha kuku na ng'ombe ni milimita 3 na kuendelea. Mwenye mashine anayesagia watu dona asubuhi na mchana anasaga chakula cha mifugo kwa chekeche lile lile dogo anapoteza muda na umeme wake bure. Nunua chekeche la pili. Bei yake haikaribii hata kidogo bei ya mota.

Mkanda sitauzungumzia sana. Ukiwa umelegea utausikia ukilia wakati wa kuwasha, na puli itakuwa ya moto kuliko kawaida. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli na puli: kama nafasi kati yao ni sentimita 60, mkanda uliokazwa sawasawa unaingia kama sentimita moja. Kama mashine ina mikanda mitatu, ukibadilisha badilisha yote mitatu, maana mpya na mkuukuu hawavuti pamoja.

Waya: hapa ndipo wengi wanaibiwa nguvu

Naomba hapa unisome taratibu. Mota haitoi nguvu iliyoandikwa kwenye bamba lake kwa sababu tu imeandikwa. Inaitoa ikipata volti zake. Volti zikipungua, nguvu yake ya kuzungusha hupungua kwa kasi kubwa zaidi: hupungua kwa mraba. Kwa mfano, mota ya fezi moja ya volti 230 ikipata volti 200 haipotezi sehemu ndogo tu, inapoteza karibu robo ya nguvu yake ya kuzungusha. Ikipata 180, imepoteza karibu mbili kwa tano. Mwenye mashine anaona inashindwa, anasema ni ndogo.

Volti zinapotelea wapi? Mara nyingi ni kati ya mita ya LUKU na banda la mashine. Nyumba iko barabarani, banda liko nyuma, mita 60 hivi, na fundi alivuta waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 kwa sababu ndio uliokuwa dukani. Tufanye hesabu. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo njia yake ni mita 120. Mota ndogo ya fezi moja inayokula ampea 15 itapoteza kama volti 13 njiani. Hilo linavumilika. Lakini wakati wa kuwasha, mota hula mara tano hadi saba ya ampea zake za kawaida. Chukua mara tano tu, yaani ampea 75: sasa zinapotea takriban volti 67 njiani, na mota inaachiwa kama 163. Nguvu yake ya kuanza ni nusu. Inaguna, haianzi, kapasita inachemka, taa za jirani zinafifia. Ukivuta waya wa milimita za mraba 6 kwenye njia ile ile, upotevu wakati wa kuwasha unashuka hadi volti 28 hivi, na mota ile ile uliyoitukana inaanza vizuri.

Sasa fikiria mtu huyu badala ya kubadilisha waya ananunua mota kubwa zaidi. Mota kubwa inavuta ampea nyingi zaidi kwenye waya ule ule mwembamba, volti zinashuka zaidi, na waya wenyewe unapata moto. Banda la mbao, vumbi la unga limejaa ukutani, na waya unaochemka ndani ya ukuta. Vumbi la unga linashika moto. Hapo hatuzungumzii tena mashine inayosaga polepole, tunazungumzia banda kuungua na aliyelala ndani yake akilinda mahindi ya wateja.

Wakati mwingine waya wako ni mzuri na volti zinashukia kwenye transfoma, hasa saa za jioni ambapo kila nyumba imewasha taa na televisheni. Hilo ni la TANESCO, peleka malalamiko kwa maandishi na vipimo vyako. Lakini jua kwamba ukifunga mota kubwa kwenye transfoma iliyozidiwa utakuwa umeongeza tatizo, na majirani watajua ni nani.

Pima, usikisie

Muite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, aje na kile kipimo cha ampea kinachobana waya bila kuukata. Mwambie apime vitu viwili wakati mashine inasaga kwa kujaa: volti pale pale kwenye mota, si kwenye mita, na ampea za kila fezi. Kisha linganisha na bamba la mota.

Mota ya fezi tatu ya kilowati 7.5 kwa volti 400 hula karibu ampea 15 kila fezi ikiwa imebebeshwa mzigo wake wote. Ikiwa inasaga na kipimo kinaonyesha 10 au 11, mota yako haijachoka, ina nguvu ambayo haijatumika. Ugonjwa uko mbele yake: mlango wa kuingizia mahindi ni mwembamba, mkanda unateleza, au nyundo zimelika. Mota ya kilowati 15 hapo itakusagia kwa mwendo ule ule. Tahadhari moja katika kusoma kipimo: hata mota isiyosaga chochote hula theluthi moja hadi nusu ya ampea za kwenye bamba, kwa hiyo ampea 7 si nusu ya kazi, ni karibu na kutofanya kazi.

Ikiwa kipimo kinaonyesha 15 hadi 16, volti ni nzuri, nyundo ni kali, mahindi ni makavu, na bado foleni haiishi, hapo ndipo nitakubaliana nawe kwamba mota imefika mwisho wake. Ikiwa ni 19 au 20, zima. Unaipika. Hesabu inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazozidi kiwango hupunguza maisha ya nyaya za ndani ya mota kwa nusu. Na kama fezi moja inaonyesha ampea chache sana kuliko nyingine mbili, usisage tena mpaka fundi apate chanzo, maana mota inayokosa fezi moja huungua kwa muda mfupi.

Na wewe mwenyewe fanya kipimo kingine kisichohitaji fundi. Soma LUKU kabla ya kuanza, saga magunia matano, soma tena. Gawanya uniti kwa magunia. Andika kwenye daftari pamoja na muda uliotumika. Fanya hivyo kabla ya kugeuza nyundo na baada ya kugeuza. Nawaomba sana mfanye hili, kwa sababu mwenye mashine anayejua uniti zake kwa kila gunia hadanganyiki na muuzaji wala na fundi, na anajua kila debe linamwachia shilingi ngapi.

Mota mpya hutafuta sehemu dhaifu

Wauzaji husema nguvu ya ziada haidhuru, kwamba mota kubwa itakula umeme kwa kadiri ya kazi tu. Kuna ukweli hapo. Mota ya kilowati 15 inayofanya kazi ya kilowati 8 haitakula 15. Lakini muuzaji hakuambii upande wa pili. Mota ndogo, kipande cha chuma kikiingia kwenye kinu au mahindi yakijaa ghafla, hushindwa: mkanda unateleza, mota inasimama, kinga inakata. Kushindwa kwake kunaokoa mashine. Mota kubwa haishindwi, inasukuma tu, na kitakachoshindwa ni shafti, beringi au nyundo. Kinu kilichotengenezwa kwa kilowati 7.5 kina shafti ya kilowati 7.5.

Hata vijana mafundi samani wa mjini, wale wenye mashine ndogo za kuchonga mbao zinazoongozwa na kompyuta, wamo kwenye mtego huu huu. Mashine inakuja na mota ndogo, tuseme ya wati 500. Kijana anaona inakwenda polepole kwenye mninga, anaitoa, anafunga ya kilowati 2.2 inayozunguka mara 24,000 kwa dakika. Ni mota nzuri, lakini ni nzito mara kadhaa kuliko ile ya kwanza, na fremu ile nyepesi ya alumini haikuundwa kuibeba. Akikata kwa nguvu mpya, fremu inapinda, kisu kinatetemeka, mlango unatoka na mikwaruzo ambayo haikuwepo. Angeanza na kisu kikali na kukaza fremu, huenda mota ya zamani ingemtosha. Mbao na mahindi ni vitu tofauti, lakini makosa ni yale yale.

Mwendo kasi ndio unaoua

Jambo hili ndilo linalonifanya niandike leo. Kwenye bamba la mota, pamoja na kilowati, kuna namba ya mizunguko kwa dakika. Kwa umeme wetu wa hezi 50, mota za kawaida ni za aina mbili: zinazozunguka kama 1,440 na zinazozunguka kama 2,900. Dukani zinaweza kuwa na kilowati sawa na rangi moja, na ile ya 2,900 mara nyingi ni ndogo kwa umbo na nafuu kwa bei. Mnunuzi anafurahi: nguvu ile ile, bei ndogo, na inakwenda kasi!

Anaifunga kwa puli zile zile za zamani. Kinu kilichokuwa kinazunguka mara 2,880 sasa kinataka kuzunguka mara 5,800. Nguvu inayozivuta nyundo kwenda nje haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Pini za nyundo hazikutengenezwa kwa hilo. Ikikatika moja, kile kipande cha chuma hupasua bati la kinu na kuendelea na safari yake, na foleni ya akina mama na watoto iko mita mbili kutoka hapo.

Hesabu yake ni rahisi na kila mwenye mashine anapaswa kuijua kwa moyo. Chukua mizunguko ya mota, zidisha kwa kipenyo cha puli ya mota, gawanya kwa kipenyo cha puli ya kinu. Mota ya 1,440 yenye puli ya inchi 10, na kinu chenye puli ya inchi 5: 1,440 mara 10 ni 14,400, gawanya kwa 5, unapata 2,880. Ukifunga mota ya 2,900, puli yake iwe inchi 5 ili kinu kibaki pale pale. Mwendo unaotakiwa na kinu huandikwa na mtengenezaji kwenye ubavu wake; ukifutika, muulize aliyekitengeneza, au peleka vipimo vyake kwenye karakana za SIDO. Usikisie, wala usizidishe kidogo kidogo uone kama itavumilia.

Wanaotoka kwenye injini ya dizeli kwenda kwenye umeme nao wafanye hesabu hii upya, kwa sababu mwendo wa injini haukuwa 1,440. Wengi wanahamisha puli ya injini kama ilivyo kisha wanasema umeme hauna nguvu.

Kuna faida nyingine ya kuujua mwendo. Kwa kilowati zile zile, mota ya 1,440 ina karibu mara mbili ya nguvu ya kuzungusha kuliko ya 2,900. Kwa mashine inayopokea mzigo wa ghafla, kama ya kusaga au ya kukata majani ya ng'ombe, mimi huchagua ile ya polepole na kuipa puli kubwa, hata kama bei yake imezidi.

Na hapo hapo kwenye puli, kifuniko kiko wapi? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka sehemu zinazozunguka zikingwe, lakini ukitembea vijijini mikanda iko wazi. Ncha ya kanga, ushungi, mkono wa shati la mtoto anayeokota punje chini: mkanda haubagui. Mota ndogo huenda ikakwama na kumwachia mtu kovu. Ya kilowati 15 haitakwama. Kwa hiyo kama umepata fedha ya kuongeza nguvu, fedha ya wavu wa chuma wa kufunika mkanda itoke kwanza, kwenye bahasha ile ile.

Ukishaamua kununua

Tuseme umefanya yote. Mahindi ni makavu, nyundo ni kali, waya ni mnene, ampea ziko juu kabisa. Bado jiulize: foleni yako ni ya saa ngapi? Mashine nyingi nilizoziona zina foleni kuanzia saa kumi jioni, na kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa mwendeshaji amelala juu ya magunia. Mota kubwa haiongezi mahindi kijijini. Mara nyingine kupunguza bei kidogo kwa anayeleta asubuhi kunamaliza foleni bila kukopa chochote. Lakini kama unasaga kutwa nzima na bado unawarudisha watu, au umepata mteja wa chakula cha kuku anayetaka magunia mengi kwa wiki, basi nunua, na ununue pamoja na kinu kinachoendana nayo.

Kwanza hakikisha umeme unaoupata. Vijiji vingine vimefikiwa na laini ya fezi moja tu, na huko mota ya kilowati 11 ya fezi tatu haitawaka kwa kuifunga hivi hivi. Nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya, uliza kuhusu laini yako na uwezo wa transfoma, pata jibu kabla ya kulipia mota. Stata nayo iwe ya sta-delta kwa mota za ukubwa huo: inapunguza ampea za kuwashia hadi theluthi moja. Inapunguza pia nguvu ya kuanzia hadi theluthi, kwa hiyo mfunze mwendeshaji kuwasha kinu kikiwa kitupu, na kumwaga mahindi baada ya mwendo kukamilika. Kinga ya kuzidiwa ipangwe kwa ampea za kwenye bamba. Fundi anayeipandisha juu "ili isikusumbue kukata" amekuandalia mota ya kusukwa upya.

Dukani, nenda na futi kamba. Mabamba mengine yanadanganya. Mota ndogo inabandikwa namba kubwa. Namba ya umbo, kama 112, 132 au 160, ni urefu kwa milimita kutoka chini ya mguu wa mota hadi katikati ya shafti. Mota ya fezi tatu ya kilowati 7.5 kwa kawaida ni 132, na ya 11 au 15 ni 160. Ukipima mota iliyoandikwa kilowati 7.5 ukakuta milimita 100, iache hapo ilipo. Angalia pia kama wameandika kilowati au hosipawa, maana hosipawa 10 ni kilowati 7.5 tu, na wapo waliolipa fedha nyingi kununua mota sawa na ile waliyoiacha nyumbani. Usiipokee bila risiti yenye namba ya mota.

Kuhusu ile ya zamani, usiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Kama haijaungua, badilisha beringi zake, ifunike vumbi lisiingie, na iweke akiba. Mota mpya ikipata hitilafu katikati ya msimu utairudisha ndani ya saa chache. Na ukiwa na ng'ombe watatu wanne, mota ile itakukatia mabua na majani kwa miaka mingi, ikiwa na puli ndogo na kifuniko chake.